Sura ya Sita: Nifanyeje Kodi Isinimalize?

Mwishoni mwa Machi, awamu ya kwanza ya kodi ikikaribia tarehe yake, swali huwa ni lile lile, uwe Kariakoo au Mwanjelwa kule Mbeya: "Hivi nifanyeje kodi isinimalize?" Huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba kuuliza tu ni kosa. Na anayeuliza mara nyingi ana jibu tayari, alilopewa na jirani wa fremu: usitoe risiti, taja nusu ya mauzo, mtafute fulani anayejua njia. Anachotaka ni kuambiwa kwamba hakuna jibu lingine.

Lipo, na hakuna aliyelificha. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kwa mabadiliko yake yaliyofuata, ina punguzo ambalo wafanyabiashara wengi wadogo hawalichukui, kwa sababu hakuna mahali lilipoitwa punguzo. Limekaa kimya ndani ya jedwali lenye safu mbili. Tutafika hapo.

Kwanza angalizo moja. Viwango vya sura hii ni vya Tanzania Bara. Zanzibar ina mamlaka yake ya mapato, ZRA, na Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) kule ni asilimia 15, si 18. Tena kila mwaka Bunge hupitisha Sheria ya Fedha, ambayo kwa kawaida huanza kazi 1 Julai na kugusa kiwango hiki au kile. Basi kila Julai ikiingia, uliza kilichobadilika kabla hujapiga hesabu.

Kukwepa, kuepuka, kupanga

Kukwepa kodi ni kuficha: mauzo yamefanyika, wewe unasema hayakufanyika. Hilo ni kosa, halina mjadala. Kupanga kodi ni kuchagua njia moja kati ya zile ambazo sheria yenyewe imezifungua. Katikati yake kuna kuepuka, na hapo ndipo watu huteleza.

Chukua mwenye duka ambaye mauzo yake ya mwaka yanakaribia shilingi milioni 200, kiwango kinachomlazimisha mtu kujisajili kwa VAT tangu Julai 2023. Anaamua kuligawa duka: nusu jina lake, nusu jina la mkewe. Karatasi zinaonyesha biashara mbili. Lakini stoo ni moja, kijana wa kaunta ni mmoja, na fedha jioni zinahesabiwa mezani pamoja. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa Kamishna Mkuu uwezo wa kuziweka kando karatasi za namna hiyo na kutoza kodi kwa hali halisi. Hapo bwana atadaiwa VAT ya nyuma ambayo hakuwahi kuitoza kwa wateja wake. Ataitoa mfukoni.

Kipimo changu ni cha kienyeji tu: mpango huu naweza kumweleza afisa wa TRA mezani kwake bila jasho kunitoka? Nikiona nahitaji kuruka sehemu ya maelezo, basi si mpango tena.

Jedwali lenye safu mbili

Mfanyabiashara mdogo, yaani mtu binafsi ambaye mauzo ghafi yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, hutozwa kodi ya makadirio. Mauzo ghafi ni fedha yote uliyouzia kabla hujatoa gharama yoyote, hata nauli ya kubebea mzigo. Mauzo yasipozidi milioni 4 kwa mwaka, kodi ni sifuri. Yakizidi hapo, jedwali lililoanza kutumika 2019 linaanza kuuliza swali moja: una kumbukumbu?

Tumchukue mama anayeuza vitenge. Mauzo yake ya mwaka ni milioni 5. Kama hana kumbukumbu, anatozwa shilingi 100,000. Kama anazo, anatozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani asilimia 3 ya milioni moja: shilingi 30,000. Vitenge ni vile vile, wateja ni wale wale. Tofauti ya 70,000 imeletwa na daftari ambalo bei yake haifiki bei ya doti moja.

Akikua hadi mauzo ya milioni 8, pengo linatanuka. Bila kumbukumbu ni 250,000. Akiwa nazo ni 90,000, kisha asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7, jumla 120,000. Chini ya nusu.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku zote tumeisoma methali hiyo kwa jicho la kumshuku kijana wa dukani. Waliotunga jedwali hili wameipa maana ya pili.

Na daftari lenyewe si mpaka uajiri mhasibu. Kaunta buku linatosha kuanzia:

- upande mmoja mauzo ya kila siku, yaliyoandikwa siku ile ile, si kukumbukwa Jumapili;
- upande wa pili manunuzi na matumizi, kila mstari na risiti yake;
- ukurasa wa nyuma, wateja wa mkopo na madeni yako mwenyewe;
- kila mwisho wa mwaka, hesabu ya mzigo uliobaki.

Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Risiti za mashine hufifia wino zikikaa juani au kwenye droo yenye joto, basi zipige picha kwa simu mwezi ule ule. Nimeona mfuko mzima wa rambo umejaa risiti nyeupe zisizosomeka hata herufi. Mwenye nazo alikuwa mkweli kabisa, na ukweli wake haukumsaidia.

Kodi ya mauzo au kodi ya faida?

Hapa ndipo penye fedha nyingi zaidi, na ndipo wachache hufika.

Kodi ya makadirio haijali umepata faida au hasara. Inaangalia mauzo. Kwa mwenye mauzo makubwa na faida nyembamba, hilo ni jambo zito. Mwenye duka la jumla la sukari, unga na mafuta anauza kwa milioni 90 kwa mwaka. Mzigo wenyewe ameununua kwa milioni 80. Pango, usafiri na vibarua vimekula milioni 5. Kilichobaki mkononi ni milioni 5. Akitozwa kwa mauzo, kwa kiwango cha asilimia 3.5 cha ngazi za juu za jedwali, atalipa zaidi ya shilingi milioni 3. Amefanya kazi mwaka mzima, na zaidi ya nusu ya faida imekwenda.

Sheria inamruhusu mtu huyu kuchagua kutozwa kwa faida badala ya mauzo, mradi hesabu zake zimekamilika. Faida ya mtu binafsi hupimwa kwa ngazi: shilingi 3,240,000 za kwanza kwa mwaka hazitozwi kitu, kisha inayofuata hadi 6,240,000 hutozwa asilimia 8, halafu 20, halafu 25, na kinachozidi milioni 12 hutozwa asilimia 30. Kwa faida ya milioni 5, yeye atatozwa asilimia 8 ya 1,760,000 tu. Ni shilingi 140,800.

Kutoka zaidi ya milioni 3 hadi 140,800, bila uongo wowote. Lakini angalia bei yake: kila gunia liwe na risiti, kila safari ya lori iwe na risiti. Gharama isiyo na ushahidi haihesabiwi kuwa gharama.

Usikimbilie kuiga, maana kwa mwingine hesabu inageuka. Binti mwenye saluni anaingiza milioni 30 kwa mwaka, na kwa kuwa mtaji wake mkubwa ni mikono, faida ni milioni 18. Akitozwa kwa mauzo atalipa kama milioni moja na kidogo. Akichagua faida, atalipa 3,336,000. Huyu abaki kwenye makadirio na ashukuru.

*Kwa kifupi:* faida yako ikiwa nyembamba kulinganisha na mauzo, piga hesabu ya kodi ya faida kabla hujakubali makadirio. Ikiwa nene, baki ulipo. Kazi hiyo ifanye Januari, maana Desemba mwaka umeshakwisha.

Kampuni si mwavuli

"Fungua kampuni, kodi itapungua." Ushauri huu hutolewa bure, na ubora wake unalingana na bei. Kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida kuanzia shilingi ya kwanza. Haina ile ngazi ya sifuri. Faida ya milioni 10 kwenye kampuni ni kodi ya milioni 3. Faida hiyo hiyo kwa mtu binafsi ni 1,036,000. Na ukitaka kuitoa faida ya kampuni kama gawio uipeleke nyumbani, kuna asilimia 10 nyingine inazuiwa njiani. Ziko sababu nzuri za kufungua kampuni: zabuni, wabia, kutenganisha madeni ya biashara na nyumba yako. Kodi ndogo, kwa biashara changa, si mojawapo.

"Na risiti, au bila risiti?"

Mashine za risiti za kielektroniki, EFD, ziliingia 2010 kwa waliosajiliwa VAT, na mgogoro wake haujawahi kuisha. Kariakoo ilifunga milango Mei 2023, ikafunga tena Juni 2024. Katika malalamiko yale kulikuwa na hoja ambayo ni vigumu kuipinga: anayetoa risiti anashindana, mtaa ule ule, na asiyetoa, na mteja huangalia bei tu. Mfanyabiashara mwaminifu anayelalamikia hilo hatafuti upendeleo.

Hata hivyo ukiwa wewe ndiye mnunuzi, na umesajiliwa VAT, punguzo la "bila risiti" ni mtego. VAT ni kodi unayoitoza kwa mteja, kisha unatoa ile uliyolipa wakati wa kununua, tofauti ndiyo unaipeleka TRA. Umenunua mzigo wa milioni 1 pamoja na VAT ya 180,000. Umeuuza milioni 1.3 pamoja na VAT ya 234,000. Ukiwa na risiti, unapeleka 54,000. Huna risiti? Unapeleka 234,000 zote. Sasa kumbuka yule muuzaji alikupunguzia shilingi ngapi ulipokubali kuondoka bila risiti. Elfu hamsini? Laki moja? Na bado kwenye kodi ya faida, mzigo ule wa milioni moja utaonekana kama uliokotwa barabarani.

Kodi juu ya kodi

Kiswahili kimetuponza kidogo hapa. Neno "kodi" ni lile unalompa mwenye nyumba, na ni lile unaloipa serikali. Kwa hiyo mpangaji wa fremu akiambiwa "katika kodi hiyo toa kodi", anadhani ameongezewa mzigo.

Hakuongezewa. Kodi ya zuio ni kodi ya mtu mwingine ambayo wewe unaizuia kabla fedha haijamfikia, kisha unaipeleka TRA kwa niaba yake. Kwa pango la biashara ni asilimia 10. Fremu ya shilingi 300,000 kwa mwezi, ukilipa miezi sita, ni 1,800,000. Unazuia 180,000, unampa mwenye fremu 1,620,000 pamoja na cheti cha zuio. Kodi ile ni yake, imekatwa kwenye pato lake.

Maneno yanayofuata kila mpangaji anayajua: "Mimi sijui mambo ya TRA, nataka yangu kamili." Ukikubali, umeibeba kodi yake. Na hesabu yake ni zaidi ya 180,000, kwa sababu ili yeye abaki na 1,800,000 mkononi, pango halisi linakuwa milioni 2 na zuio linakuwa 200,000. Ukimlipa kamili na usizuie kitu, siku ya ukaguzi atakayeulizwa ni wewe uliyetakiwa kuzuia. Hakuna dawa baada ya ugomvi. Dawa iko kwenye mkataba, siku ya kuusaini, kwa sentensi moja: pango lililotajwa ni pamoja na kodi ya zuio. Mwenye fremu akikataa sentensi hiyo, basi walau unajua bei halisi ya fremu kabla hujaingiza shelfu.

Na ukiwa wewe ndiye unayezuiwa, mfano fundi au mtoa huduma anayekatwa asilimia 5 na mteja wake, dai cheti. Fedha hiyo umeshailipa serikali. Bila cheti utailipa tena.

Simu moja, mifuko mitatu

Mweka hazina wa kikoba hupokea michango ya watu thelathini kwenye namba yake ya simu. Namba hiyo hiyo ndiyo wateja wa duka lake hulipia. Mdogo wake aliyeko Mwanza naye hutuma humo ada ya mtoto. Mwisho wa mwaka taarifa ya miamala inaonyesha milioni 60 zimeingia, na mauzo aliyoyataja ni milioni 20. Afisa anayeisoma karatasi ile hawezi kujua kipi ni mchango na kipi ni sukari. Kazi ya kuthibitisha ni ya mlipakodi, na kumbukumbu za kikoba mara nyingi ziko kwenye daftari la mtu aliyehama mtaa.

Laini ya biashara iwe ya biashara peke yake. Fedha ya kikoba iwe na akaunti ya kikundi. Ni jambo la asubuhi moja, na sijaona lingine linalookoa usumbufu kiasi hicho kwa gharama ndogo hivyo.

Wewe uliyeajiriwa

Kodi yako inakatwa kabla hujaiona, ndiyo maana huikagui. Ikague mara moja tu. Mchango wako wa lazima wa mfuko wa pensheni unatakiwa kuondolewa kwanza, kodi ipigwe kwa kilichobaki. Mshahara wa 800,000, mchango wa NSSF asilimia 10 ni 80,000, kinachotozwa ni 720,000. Kodi yake ni 60,000. Mwajiri akikosea akapiga kodi kwa 800,000 nzima, utakatwa 78,000. Ni 18,000 kwa mwezi, 216,000 kwa mwaka, na hakuna atakayekuja kukuambia.

Kwa wenye viwanja: ukiuza ardhi au nyumba, hati haihami mpaka kodi ya faida ya mauzo ilipwe. Mkazi mwenye kumbukumbu za gharama hulipa asilimia 10 ya faida. Asiye nazo, tangu mabadiliko ya 2023, hutozwa asilimia 3 ya bei nzima au ya thamani iliyothibitishwa, iliyo kubwa. Nyumba iliyokugharimu milioni 34 ukaiuza 40, kwa kumbukumbu ni 600,000. Bila kumbukumbu ni 1,200,000. Zile risiti za saruji na nondo, basi, zisiishie kuwashia jiko.

Tarehe za kubandika ukutani

Kwa ambaye mwaka wake wa hesabu ni Januari hadi Desemba:

- tarehe 7 ya kila mwezi: kodi za mishahara na kodi za zuio za mwezi uliopita;
- tarehe 20: ritani ya VAT, yaani taarifa ya mauzo na manunuzi, pamoja na malipo yake;
- 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba, 31 Desemba: awamu nne za kodi ya mapato;
- 30 Juni mwaka unaofuata: ritani ya mwisho ya mwaka kwa anayetozwa kwa faida.

Ritani hupelekwa hata kama huna cha kulipa. Adhabu ya kuchelewa kuleta ritani na riba ya kuchelewa kulipa ni vitu viwili, na hukimbia pamoja. Ukiona fedha haitoshi, peleka ritani kwa wakati, kisha andika barua kuomba kulipa kidogo kidogo. Barua ya kabla ya tarehe husomwa kwa jicho tofauti na ya baada.

Na ukifunga biashara, funga na TRA pia. Kushusha shata hakuzimi TIN, namba yako ya utambulisho wa mlipakodi. Makadirio huendelea kuhesabiwa, na miaka mitatu baadaye, siku unapofungua genge jipya, unakutana na deni la duka lililokufa zamani.

Makadirio yakija makubwa

Kuna siku utapewa makadirio usiyoyaelewa. Usitafute kishoka. Anayekuambia atayapunguza bila karatasi hana uwezo wa kukupa karatasi itakayokulinda mwakani, na kesho akihamishwa au akikamatwa, jina lako limo kwenye simu yake.

Sheria imekupa siku 30 tangu kupokea makadirio kuyapinga kwa maandishi. Eleza kwa hoja: kipi kimekosewa, kwa kiasi gani, na ushahidi uko wapi. Ili pingamizi lipokelewe unatakiwa kulipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi ambacho hukibishii, kilicho kikubwa kati ya viwili hivyo. Ukiwa na sababu nzito unaweza kuomba kiasi hicho kipunguzwe au kisamehewe, nalo ombi hilo liwe la maandishi. Usiporidhika na uamuzi, kuna Bodi ya Rufani za Kodi, juu yake Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani.

Wengi huzipoteza siku hizo 30 wakiomba kuonana na mtu. Wanaahidiwa kesho, wanarudi Jumatatu, mtu yuko semina, na siku ya 31 inawakuta kwenye benchi la mapokezi wakiwa na hoja nzuri ambayo imepitwa na wakati. Kuonana ni sawa, ila barua itangulie. Siku unayopokea makadirio, andika tarehe hiyo juu ya karatasi kwa kalamu ya wino, hesabu siku 30 kwenye kalenda ya ukutani, na uzungushie duara ile ya 25.